Chokoleti ya kuvunjavunja: bamba lipi linafaa joto la Mombasa?

Chokoleti ya kuvunjavunja ni ile inayoyeyushwa, ikatandazwa kwenye sinia, ikanyunyizwa korosho, kisha ikavunjwa ikiganda. Madukani Mombasa utakuta mabamba ya kuyeyusha ya aina mbili yaliyofungwa karibu sawa. Geuza nyuma usome viungo. Lenye siagi ya kakao ni chokoleti kamili. Lenye mafuta ya kokwa za chikichi na unga wa kakao ni lile la kupikia, la bei nafuu.

Kwa ladha, la kwanza halina mshindani: huyeyuka ulimini na harufu ya kakao hubaki. La pili huacha utando wa mafuta kwenye kaakaa. Lakini chokoleti kamili ni kazi. Ile nyeusi hupashwa hadi nyuzi 45, hupozwa hadi 27 au 28, kisha hurudishwa 31. Ukiruka hatua hizo hubaki laini, haivunjiki kwa mlio, na baada ya siku chache hufunikwa na utando mweupe wa mafuta. Wakati wa kaskazi joto la jikoni limeshapita nyuzi 30. Bila kipimajoto na chumba chenye kiyoyozi, hutaiweza. Bamba la kupikia halidai lolote kati ya hayo: liyeyushe, limwage, ligande.

Kwa hiyo kwa zawadi au biashara, chukua la kupikia. Kwa kula nyumbani, lipia chokoleti kamili. Usichanganye mawili ili kubana gharama, maana mafuta yake hayapatani na sinia zima hulainika.

Gramu 400 zinatosha sinia la sentimita 30 kwa 20, unene wa nusu sentimita hivi. Katakata, weka kwenye bakuli kavu juu ya sufuria ya maji yanayofukuta, kitako cha bakuli kisiguse maji. Epua vipande vichache vikiwa bado vizima. Vitamalizikia kwa joto lililobaki. Tone moja la mvuke likiingia, chokoleti hushikana mabonge. Hapo haifai tena kwa sinia. Ongeza maziwa ya moto kijiko kwa kijiko uifanye mchuzi wa keki.

Mwaga juu ya karatasi ya kuokea, tandaza upesi kama kashata, kisha nyunyiza gramu 100 za korosho, gramu 30 za nazi kavu, iliki nusu kijiko cha chai na chumvi kidogo. Korosho za Kilifi ni tamu mno hapa, ila zikaangwe na zipoe kabisa. Za moto huyeyusha chokoleti upya. Mabuyu yanapendeza kwa rangi, lakini sukari yake hunyonya unyevu na kesho yake sinia linanata.

Weka kwenye friji dakika 15, vunja, funga ndani ya kopo lisilopitisha hewa. Ukilihifadhi kopo kwenye friji, likitoka usilifunue hadi lipoteze ubaridi, la sivyo umande utayeyusha sukari ya juu na kuacha madoa meupe yanayokwaruza.