Fahrenheit 451 ya mwaka 1966: nimeisoma, kisha nikaitazama

Filamu hii ya François Truffaut nimeitazama mara tu baada ya kumaliza riwaya ya Ray Bradbury ya mwaka 1953, na naipa nyota nne kati ya tano. Kwa asiyeijua hadithi: ni nchi ya siku zijazo ambako askari wa zimamoto hawazimi moto, wanachoma vitabu. Ukikutwa na kitabu umekwisha. Montag ni mmoja wa askari hao, mpaka anapoanza kusoma kwa siri.

Kilichonishika ni kwamba Truffaut ameondoa maandishi. Mwanzoni kabisa hakuna jina linaloandikwa kwenye skrini, sauti ndiyo inayotaja waigizaji huku kamera ikisogelea antena za televisheni juu ya mapaa. Mdogo wangu, tuliyekuwa naye sebuleni hapa Majengo, Moshi, akaniuliza, "Dada, mbona hawaandiki majina?" Nikamwambia atulie aangalie. Baadaye Montag yuko kitandani na gazeti lake, picha tupu, halina hata neno. Dogo akaelewa mwenyewe.

Ndiyo maana Montag anapofungua kitabu chake cha kwanza, David Copperfield cha Charles Dickens, moyo unadunda. Anapitisha kidole chini ya kila neno, anasoma kila kitu, hadi jina la mchapishaji na mji kilikochapishwa, kama mtoto wa darasa la kwanza. Herufi zinajaa skrini nzima na wewe mtazamaji umezikosa muda wote huo. Riwaya haiwezi kukufanyia hivyo, kwa sababu yenyewe ni herufi tangu ukurasa wa kwanza.

Julie Christie anacheza nafasi mbili: mke wa Montag, anayeishi kwa televisheni na vidonge, na Clarisse, msichana anayeuliza maswali. Uso ni uleule, na hilo linauma, maana unaona huyu mke naye angeweza kuwa yule mwingine. Kwenye riwaya Clarisse anapotea mapema, inasemekana kagongwa na gari. Hapa anaishi, na mimi nimelikubali badiliko hilo.

Nyota niliyoikata ni ya Faber. Huyu profesa mzee hayupo kabisa kwenye filamu, na pengo lake linaonekana: Montag hana mtu wa kumfundisha wala wa kubishana naye, kwa hiyo anageuka haraka mno. Vita navyo vimeachwa. Bradbury anaulipua mji kwa mabomu, na hapo wale waliohifadhi vitabu kichwani wanakuwa na watu wa kuwarudia. Truffaut anatuachia msitu na theluji tu.

Lakini msitu huo! Kila mtu amekuwa kitabu. Kuna ndugu mapacha ambao ni Pride and Prejudice, mmoja sehemu ya kwanza na mwenzake ya pili. Kuna mzee mgonjwa anayemfundisha mtoto kitabu cha Robert Louis Stevenson, sentensi kwa sentensi, na mtoto anarudia mpaka anashika. Mimi nimekulia jirani na madrasa, nimesikia watoto wakirudia aya hadi zikawakaa, kwa hiyo sikuona jambo la kubuni pale. Inawezekana, na watu wanafanya.

Kuna filamu nyingine ya riwaya hii, ya HBO (televisheni ya Marekani) ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Ramin Bahrani, naiona imepoteza hapo hapo. Michael B. Jordan na Michael Shannon wanaigiza vizuri, ila mke ameondolewa, na tumaini la vitabu limewekwa kwenye vinasaba (DNA), hadi vya ndege mwenye manyoya. Binadamu wamekuwa wapita njia.

Kiingereza cha ile ya Truffaut kimenyooka, hata wa sekondari atafuata. Ila kama unatazama na watoto wadogo, jihadhari na sehemu ya bibi anayekataa kutoka nyumbani kwake na kuwasha kiberiti akiwa katikati ya vitabu vyake. Haijafichwa, inaonyeshwa yote.