Pinboli ya skrini au ya chuma? Nimekaa na zote mbili

Nianze na hasara: dola 450. Ndiyo tofauti kati ya pesa niliyotoa kununua pinboli ya skrini (ule mchezo wa mashine wa kurusha gololi na kuizuia isidondoke, ila hapa gololi ni picha tu) na niliyopata nilipoiuza miezi kumi na minne baadaye. Siihesabu kuwa imepotea, ila nakwambia mapema ili ujue unasoma maneno ya mtu aliyeanzia upande mmoja akahamia wa pili.

Naishi pembezoni mwa Chicago. Pinboli kwa mji huu ni kama karafuu kwa Pemba: Gottlieb, Bally na Williams zote zilikuwa kampuni za hapa, na Stern bado wanaziunda vitongojini mpaka leo. Mimi ni mtu wa Tanga. Utotoni tulikuwa tunapigilia misumari kwenye kipande cha ubao, tunakiegemeza kwenye ngazi ya baraza, tunaachia gololi kutoka juu na kugombana itaingia shimo gani. Siku ya kwanza kuiona pinboli, kwenye duka la kufulia nguo kwa sarafu, nilisimama na tenga la nguo mkononi nikajisemea: si kibao chetu kile, kimetiwa umeme? Nikaja kujua sikukosea sana. Mchezo wenyewe ulitokana na vibao vya misumari vya Ulaya, na ile springi ya kurushia gololi ilipewa hataza Marekani mwaka 1871. Flipa, vile vikono viwili vya chini vinavyoirudisha gololi juu, hazikuwepo hadi 1947.

Basi. Wakati huo tulikuwa tumepanga ghorofa ya tatu, lifti hakuna, na chini yetu alikaa bibi mmoja anayesikia hata kijiko kikianguka. Pinboli ya chuma ina zaidi ya kilo 100, na kila flipa inapopiga ni kama mtu anabisha hodi kwa funguo. Nikachukua ya skrini. Jina la kampuni naliacha, maana malalamiko yangu yanahusu aina nzima, si wao peke yao.

Ilikuja kwenye boksi, vipande vipande. Nilianza kuiunga baada ya adhuhuri, alasiri ikanikuta nacheza. Mwili wake ni mbao za maranda yaliyogandishwa. Skrini ya inchi 32 imelazwa pale ambapo pangekuwa na uwanja, yaani ubao ambao gololi inakimbia juu yake, nyingine ndogo imesimama juu kwa ajili ya pointi, vifungo viko ubavuni, na ndani kuna mota zinazotetema ili viganja vyako vidanganyike kidogo. Na kweli vinadanganyika, kwa wiki mbili tatu.

Raha yake nisiikane. Meza, yaani michezo tofauti ya pinboli, zaidi ya mia ndani ya sanduku moja. Nikiunganisha kompyuta yangu ya zamani yenye Visual Pinball, programu ya bure ambayo wapenzi wa mchezo huu huitumia kujenga upya mashine za zamani, nacheza hata The Addams Family, mashine ya mwaka 1992 iliyotengenezwa nakala 20,270, ambayo ya kweli ukiulizia bei yake leo unarudi kwenye gari kimyakimya. Saa sita usiku nazima sauti, nacheza kwa taa tu. Mke wangu anaingia zamu saa kumi na moja alfajiri. Hakuwahi kuamka kwa sababu yake hata siku moja. Na haiharibiki. Katika miezi yote ile niliifuta vumbi, basi.

Sasa ubaya. Wa kwanza ni kuchelewa. Unabonyeza, flipa inainuka, lakini katikati kuna upenyo mdogo wa muda, kama zile simu za zamani za nje ya nchi ambapo unasema "haloo" ukasubiri. Ubongo unazoea, mpaka siku ukicheza ya chuma ukarudi. Hapo utauona kila mara. Wa pili ni kwamba picha imelala bapa. Kwenye mashine ya kweli nikiinama kushoto naona nyuma ya vingazi vya kupandishia gololi, naona gololi imejificha wapi. Kwenye skrini ukiinama unaona skrini ileile, upande.

Wa tatu ndio ulionihamisha. Jioni moja tulikwenda kwenye ukumbi wa michezo na shemeji yangu. Gololi ikawa inashuka katikati kabisa, pale ambapo flipa zote mbili hazifiki. Nikaupiga ubavu wa mashine kwa kiganja, bila kufikiri. Gololi ikayumba upana wa ukucha, ikagusa ncha ya flipa ya kushoto, ikapanda. Gololi ya chuma ya gramu 80, na mimi ndiye niliyeisogeza. Nikanogewa, ya pili nikaisukuma kwa nyonga. Ndani ya mashine hizi mnaning'inia timazi dogo ndani ya pete. Ukivuka mpaka, timazi linagusa pete, mashine inaandika TILT, flipa zinakufa, na gololi inateremka taratibu mbele ya macho yako. Shemeji alicheka hadi akakaa chini. Ya skrini nayo inapima mtikisiko, lakini inaupima kisha inakisia gololi ingefanya nini. Ni kama kupewa salamu na mtu wa tatu.

Tulipohamia nyumba yenye besimenti, chumba cha chini ya nyumba, nikaanza kutafuta ya chuma. Mpya nyingi wakati huo zilianzia karibu dola 7,000, hiyo sikuigusa. Nikapata ya 1992 kwa mzee mmoja mstaafu, dola 3,600. Kabla ya kutoa hata senti nilimwomba afungue kichwa cha mashine, kile kisanduku cha juu chenye kioo cha picha. Nakusihi nawe ufanye hivyo. Mashine nyingi za miaka ile zina betri tatu ndogo za kutunza rekodi za pointi, kwenye bodi kuu, na zikisahauliwa huvuja na kula njia za shaba. Nilikuta ukoko wa kijani chini ya betri, kama bomba la zamani la maji. Mzee akakuna kichwa, akapunguza 300. Nyumbani niliusafisha kwa siki na mswaki, nikalehemu njia mbili zilizokatika, nikahamishia betri kwenye kikasha chenye waya, mbali na bodi.

Kuishusha besimenti ilikuwa kazi ya watu watatu: mimi, shemeji, na jirani yetu Mkongomani. Miguu inafunguka kwa bolti mbili kila mmoja na kichwa kinalala juu ya mwili, kwa hiyo ukiiona imelala kwenye mkokoteni unaelewa kwa nini jirani aliuliza, "Kaka, hii ni mchezo ao ni sanduku ya maiti?" Chini tukaisimamisha kwa pimamaji, mwinamo wa nyuzi sita na nusu, nikaiwasha, taa zikatembea uwanja mzima.

Wiki ya pili flipa ya kulia ikalegea. Gololi haifiki juu, inapanda nusu na kurudi kama mzee amesahau fimbo. Kwenye skrini ningezima na kuwasha. Hapa nililala chali na tochi mdomoni, umeme nimeuchomoa ukutani, maana koili hizi, sumaku za umeme zinazoirusha flipa, zinakula volti 50 na ushei. Kile kipande cha chuma kinachoingia ndani ya koili kilikuwa kimepasuka ncha na kutanuka, kama kichwa cha patasi kilichopigwa nyundo miaka mingi. Vipuri vya kukarabati flipa zote mbili, dola 40 hivi. Mke wangu aliposhuka na chai akaniambia, "Baba Salma, umenunua mchezo au umenunua gereji?"

Swali zuri, na kwangu ndiyo kipimo chenyewe. Kama bisibisi inakuchosha, chukua ya skrini na usiangalie nyuma. Kama umepanga, au una mtoto mchanga, au ngazi zako ni nyembamba, hali kadhalika. Ya chuma inataka nta uwanjani, pete mpya za raba, na gololi mpya zile za zamani zikichubuka, maana gololi iliyochubuka ni msasa, inakula rangi. Kuna mwezi nimeifungua mara nyingi kuliko nilivyoicheza. Lakini ina meza moja tu na sijaichoka, wakati zile mia nyingi nilizifungua mara moja nikaziacha.

Mama, nilipomtumia picha, alipiga simu kuuliza kama nimeingia kwenye dubwi, kamari ya mashine. Nikamwambia hapana, ingawa New York waliipiga marufuku kwa sababu hiyohiyo kuanzia 1942. Marufuku iliondolewa 1976, baada ya Roger Sharpe kucheza mbele ya madiwani na kutaja kabla gololi itapita wapi, kuwaonyesha ni ujuzi. Mama akasema sawa, ila nisimfundishe Salma.

Salma ameshajifunza. Ana miaka tisa na bado anaidai ile ya skrini, kwa sababu ilikuwa na katuni, na kwa sababu rekodi zote kumi za juu zilikuwa zake. Kwenye hii ya chuma za juu zilikuwa zangu. Mwezi uliopita nikabadilisha betri bila kuiwasha kwanza, zikafutika zote.