Mfumo wa uhamisho wa NCAA: rahisi kuingia, mgumu kutoka

Makocha wa Dodoma wanaonoa mabinti wa mpira wa kikapu pale Chinangali na kuwatafutia ufadhili Marekani wanapaswa kuijua huduma hii kabla binti hajapanda ndege. NCAA, shirikisho la michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, iliuanzisha mfumo huu wa kuhama chuo Oktoba 2018. Si tovuti ya kufungulia akaunti, kama wengi wanavyodhani. Ni orodha inayosomwa na vyuo tu: mchezaji anaandika ombi kwa ofisi ya kanuni ya chuo chake, nayo ina siku mbili za kazi kuliingiza jina. Baada ya hapo makocha wengine ruksa kumtafuta.

Kwa wepesi huo unastahili sifa. Tangu 2024, aliye sawa kimasomo anahama hata mara ya pili bila kukaa nje msimu. Mchezaji Hailey Van Lith alipita vyuo vya Louisville na LSU, kisha akaifikisha TCU nane bora ya mashindano ya taifa ya vyuo mwaka 2025.

Dirisha la kuingiza jina ndilo linalochanganya. Mwaka 2023 lilikuwa siku 60, 2024 siku 45, 2025 siku 30. Anayefuata kalenda ya aliyemtangulia atakuta limefungwa. Tena jina likishaingia, chuo cha zamani kinaweza kukata ufadhili mwisho wa muhula, na kumpokea tena ni hiari yao.

Masomo ndiyo yanayoumiza zaidi, ingawa hayapigiwi kelele. Anayeingia mwaka wa tatu katika chuo cha daraja la kwanza la NCAA lazima awe amemaliza asilimia 40 ya shahada yake, wa nne asilimia 60. Chuo kipya kikikataa kozi kadhaa, asilimia zinashuka na binti hachezi. Tathmini ya kozi ipatikane kwa maandishi kabla ya kusaini chochote.

Kwa mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo cha zamani ndiyo inayohamisha rekodi yake ya SEVIS, kanzidata ya serikali ya Marekani ya wanafunzi wa kigeni. Isiiachie kabla barua ya kukubaliwa haijafika. Chuo kipya kinatoa fomu mpya ya I-20, ya kumtambua kama mwanafunzi wake, na masomo yaanze ndani ya miezi mitano. Viza ikiwa bado hai, hahitaji nyingine. Wazazi wapige simu kuanzia saa kumi jioni: mwezi Aprili, ndiyo saa tatu asubuhi pwani ya mashariki ya Marekani.

Halafu mashabiki. MiLaysia Fulwiley, mzaliwa wa Columbia na bingwa wa 2024 akiwa South Carolina, alisemwa vibaya mno mitandaoni alipokwenda LSU mwaka 2025. Majira hayohayo South Carolina ilimchukua Ta'Niya Latson, kinara wa pointi nchini, kutoka Florida State kwa mlango uleule, na huyo akapokewa kwa shangwe. Aliyezoea Simba na Yanga haelezwi zaidi. Mfumo hautoi kinga yoyote hapa, na ndiyo kasoro tunayoikatia nyota nzima. Binti atangaze mara moja, kwa ufupi, ashukuru, afunge maoni. Vitisho vipigwe picha ya skrini na kupelekwa chuoni. Mama na shangazi wasijibu mtu; majibu yao ndiyo yanayochochea moto.

Nyota tatu kati ya tano. Aliye chuo cha miaka miwili, chini ya shirikisho la NJCAA, asihangaike na mfumo huu kabisa: makocha wanamfuata bila jina lake kuingizwa popote.