Bega jipya la kushoto: uzoefu wangu wa kubadilishiwa, mazuri yake na yale hawakwambii

Naanza na jibu kabisa ili mwenye haraka asihangaike kusoma mpaka chini: maumivu yameondoka, usiku nalala, na kama ningekuwa bado sijafanya leo ningeenda kufanya. Ila huu sio mkono niliokuwa nao ujanani, na daktari akikuahidi hivyo muulize vizuri.

Mie ni mama mtu mzima, nimeuza maandazi na vitumbua miaka na miaka hapa Dar, kukanda unga, kukuna nazi, kubeba ndoo, yote hayo bega lilikuwa linaandika deni lake. Nimechuliwa kwa mafuta, nimepigwa chuku, nimechomwa sindano za steroidi, kila kitu kinatuliza kidogo halafu linarudi palepale. Mwisho nikawa siwezi kuchana nywele wala kuanika kanga kwenye kamba, na usiku ndo balaa, ukilalia upande ule unaamka unalia. Eksirei ikaonyesha kichwa cha mfupa wa mkono kimepanda juu kimekaribia kabisa kugusa mfupa wa juu ya bega, MRI ikaonyesha zile nyama ndogo nne zinazokizunguka kile kichwa na kukishika mahali pake zimechanika zamani na zingine zimegeuka mafuta, yaani hata ukizishona hazishiki tena.

Hapa ndo pa kutulia kidogo maana wengi tunaingia theatre hatujui tunawekewa nini. Bega la bandia liko la aina mbili kubwa. La kawaida linafuata maumbile, mpira unakaa juu ya mfupa wa mkono na kikombe kinakaa kwenye mfupa wa bega la nyuma, hilo ni la mtu ambaye nyama zake zile nne bado zinafanya kazi. La pili ndo langu, la kinyume: mpira wa chuma unafungwa kwa skrubu kwenye mfupa wa bega na kikombe kinapandishwa juu ya mfupa wa mkono, kichwa chini miguu juu. Nilidhani daktari ananitania. Kumbe liko na akili yake, ukigeuza hivyo ule msuli mkubwa wa nje ya bega, ule tunaochomwa sindano, unapata nguvu ya kunyanyua mkono peke yake bila zile nyama zilizokufa. Alielibuni muundo huu wa sasa ni daktari Mfaransa, Paul Grammont, wa mji wa Dijon, mwaka 1985. Marekani waliliruhusu baadaye sana, kwenye 2003 huko. Kwahiyo ukiambiwa unabadilishiwa bega swali la kwanza ni aina gani na kwanini, maana masharti baada ya hapo hayafanani.

Kabla ya upasuaji nikapigwa CT skani ili wajue mfupa uliobaki unatosha kushika skrubu, wakacheki sukari (ikiwa juu wanakurudisha nyumbani, kidonda hakitapona vizuri), wakaniuliza meno mabovu. Na kitu kilichonichekesha, nikapewa dawa ya chunusi nipake begani na kwapani siku kadhaa kabla. Mie na umri wangu huu! Daktari akanieleza kwamba vijidudu vinavyokaa kwenye chunusi ndo haohao wanaopenda kujificha kwenye ngozi ya bega, wakiingia kwenye kifaa wanaweza kukaa kimya muda mrefu ndo waanze fujo. Nikapaka bila ubishi.

Siku yenyewe sina mengi, nusu kaputi, unapasuliwa umekalishwa nusu kama uko kwenye kiti cha ufukweni, ila wewe hujui. Nitakwambia tu kuhusu ile ganzi wanayochoma shingoni. Niliamka mkono mzima kama gogo la mgomba, sauti imekauka, kope la upande ule limelegea na kupumua kunakuwa kizito kidogo, nikajua nimepigwa stroku! Nesi akacheka akasema ni ganzi imegusa mishipa ya jirani, itaisha, na kweli iliisha. Sasa utamu wa ganzi usikudanganye. Inaisha ghafla, na mara nyingi ni usiku. Kunywa dawa za maumivu kabla haijaisha, usisubiri. Na zile dawa kali zinafunga choo, kwahiyo papai na maji kwa wingi tangu siku ya kwanza.

Malalamiko yangu kwa hospitali niliyofanyia ni kuruhusiwa. Udaktari safi, mshono msafi, lakini siku ya kutoka nikakabidhiwa karatasi moja ya Kiingereza na silingi (kile kitambaa cha kuning'inizia mkono shingoni) kubwa kuliko mimi, mtu wa fizio, yaani wa mazoezi ya viungo, hakutokea, tukaambiwa tuje kliniki. Yaani hela yote ile, maana kifaa kinaagizwa nje na ndo kinachokula pesa, bima ilibeba sehemu tu na watoto wakajazia, halafu maelezo yanakuwa ya kuokoteza. Fizio mwingine tuliyempata mtaani ndo alinifundisha kanuni moja iliyonisaidia kuliko karatasi nzima: kiwiko chako ukione muda wote. Usipokiona maana yake mkono umekwenda nyuma, na bega la kinyume linachomoka hapohapo, mkono ukiwa nyuma umegeukia ndani. Ukilala chali weka mto chini ya kiwiko kisidondoke nyuma. Usijisukume kwa mkono ule ukiinuka kwenye kiti, na mkeka ndo usahau kabisa kwa muda.

Sasa tuongee yale ya chooni, maana hamna anayeyasema. Mkono wa kushoto kwetu ndo wa kazi ile, na ndo ulioko kwenye silingi. Kopo linataka mikono miwili, mmoja umimine mmoja uoshe. Tukafunga mpira wa maji ukutani upande wa kulia kabla sijatoka hospitali, wazo la binti yangu, Mungu amjalie, na huo mpira ulinipa heshima yangu. Mpaka leo kupeleka mkono nyuma ndo kitu kigumu kuliko vyote, kuna wanaofika mfukoni tu basi. Sidiria nafungia mbele naizungusha. Udhu nilikuwa natiliwa maji, swala kwenye kiti, na sijda ya kuweka uzito mikononi daktari alikataa mpaka atakaporuhusu mwenyewe.

Silingi ni wiki 4 hadi 6 kwa wengi, usiku na mchana. Joto la Dar na kwapa lililobanwa ni adhabu. Fizio alinionyesha kuinama mbele mkono uning'inie wenyewe, hapo mtu anapitisha kitambaa chenye maji, anakausha, basi, usiunyanyue wewe. Nguo ni magauni ya vifungo mbele na kanga, ukivaa anza na mkono mgonjwa, ukivua umalizie nao. Kulala ni kwa kuegemea mito, kitandani flati sikuweza, na huko kulala kukaa ndo kulinichosha zaidi ya kidonda chenyewe.

Mazoezi yanaanza madogo ya aibu. Kufungua na kufunga ngumi, kukunja kiwiko, kuning'iniza mkono na kuuzungusha taratibu. Baadae unatembeza vidole ukutani kama unapanda, unaweka alama ya penseli pale ulipofika. Kubeba mwanzoni ni kikombe cha chai, basi. Nguvu inarudi polepole miezi 6 mpaka 12, na mie kilichorudi kwanza ni usingizi, halafu kuchana nywele, siku nilivyoanika kanga mwenyewe kwenye kamba jirani alipiga vigelegele. Mkono umerefuka kidogo pia, ni kawaida kwa aina hii, mkono wa baibui wa kushoto unaonekana mfupi.

Maandazi narudi, unga nakanda kwenye meza fupi sasa, ila mbuzi wa nazi nimemwachia mjukuu. Ndoo ya lita 20 hapana na sitaki kujaribu, kile kikombe ni plastiki ngumu na kinalika, wengi wanakaa nacho miaka 10 na zaidi lakini wakikitunza. Na ukiona kidonda kinatoa maji, homa, au bega limebadilika umbo ghafla, usimpigie mpiga chuku, rudi kwa aliyekupasua.

Nyota nne kati ya tano, hiyo moja nimewanyima kwa ile karatasi. La kulia nalo limeanza kulia lia, nimeshamwambia daktari likifika huko tutafanya, ila sio kwenye mwezi wa Ramadhani na fizio namtafuta kabla ya kitanda.