Uzoefu wangu na PCPartPicker: kijani si cheti

Nianze na hukumu ili asiye na muda asisumbuke: PCPartPicker ni tovuti ya bure ya kupangia vipuri vya kompyuta na kuona kama vinapatana, na sioni sababu ya mtu kupanga PC ya gemu bila kuipitia. Inajiendesha kwa kamisheni, yaani ukipitia kiungo chao ukanunua dukani nao wanapata chao, na hilo hawalifichi. Mimi niliitumia kupanga mashine nzima, kuanzia prosesa hadi feni. Kilichonifanya niandike ni ule mstari wa kijani unaosema hakuna tatizo la vipuri kutopatana. Watu wanausoma kama cheti. Ukiusoma vizuri, unasema tu kwamba mfumo haujaona tatizo, na yapo mambo ambayo mfumo hauyatazami.

Inapong'ara ni kwenye kuchuja. Nilichagua Ryzen 5 9600X, prosesa ya AMD inayokaa kwenye soketi ya AM5, yaani tundu lake kwenye mazabodi (ubao mkuu unaounganisha vipuri vyote), na papo hapo mazabodi zote za Intel zikapotea kwenye orodha pamoja na zile za AMD za kizazi cha AM4. Nikaenda kwenye RAM (kumbukumbu ya muda), DDR4 ya kizazi cha zamani hakuna hata moja, maana AM5 inapokea DDR5 peke yake. Mzoefu ataona ni jambo dogo. Lakini vijiti vya DDR4 na DDR5 vya kompyuta ya mezani vyote vina pini 288, na ukivilaza pamoja vinafanana kama mapacha. Kinachovitofautisha kwa jicho ni mkato wa chini, ambao haukai mahali pamoja. Mgeni anayenunua kwa macho ataumia.

Kisha likaja onyo ambalo kwangu ndilo lililolipa muda wote niliotumia humo. 9600X ilitoka Agosti 2024. Mazabodi za AM5 za aina ya B650 zilianza kuuzwa Oktoba 2022. Soketi ni ileile na prosesa inaingia bila kulazimishwa, ila mazabodi iliyokaa ghalani tangu mwanzo ina BIOS (programu inayoiamsha mashine) ya zamani isiyoijua prosesa hiyo. Unawasha, feni zinazunguka, skrini nyeusi. Chini ya orodha yangu paliandikwa kwamba huenda BIOS ikahitaji kusasishwa, kwa hiyo nikatafuta mazabodi yenye kitufe cha kusasisha BIOS bila prosesa. Mara nyingi kitufe hicho kiko nyuma, karibu na matundu ya USB. Unapakua faili kwenye tovuti ya mtengenezaji, unalibadili jina liwe lile ambalo mwongozo unalitaka, unalitupia kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, unachomeka kwenye lile tundu la USB lenye alama, kisha pawa saplai (kifaa kinacholisha mashine umeme) ikiwa imeunganishwa unabonyeza kitufe na kusubiri taa iache kuwakawaka. Usikate umeme katikati. Nililimaliza hilo mazabodi ikiwa bado juu ya boksi lake na prosesa haijafunguliwa.

Ukifika kwenye vipimo, shika rula mwenyewe. PCPartPicker wenyewe wanaandika kwamba kuna vipimo wasivyoweza kuvikagua, na mfano wanaoutoa ni kipozeo cha prosesa dhidi ya RAM yenye mabati marefu ya kupozea. Nilikuwa nakitamani kipozeo cha Noctua NH-D15. Kimo chake ni milimita 165, na kasha nililolipenda linapokea hadi 170. Safi. Ila feni ya mbele ya kipozeo hicho inakaa juu ya RAM na kuacha milimita 32 tu, wakati vijiti vyenye taa nilivyokuwa nimechagua vina kimo cha 44. Dawa inayojulikana ni kuipandisha feni. Ukiipandisha hizo milimita 12 zilizopungua, kipozeo kizima kinafika 177 na kifuniko cha kasha hakifungi tena. Ukivipima viwili viwili unapata njia ya kuvipatanisha. Vikikutana vyote vitatu vinagombana. Ungeweza kuiondoa kabisa feni ya mbele, nafasi ya RAM ikawa milimita 64, lakini ya nini kulipia feni ya kuweka kabatini? Tena prosesa yenyewe imekadiriwa wati 65. Nikachukua kipozeo cha mnara mmoja na RAM fupi isiyo na taa. (Taa za RAM, kwa maoni yangu, zinamfurahisha anayepita nyuma yako. Wewe unatazama skrini.)

Makadirio ya umeme ni mazuri kama pa kuanzia tu. Kadi yangu ya michoro ni RTX 4070, inayokula hadi wati 200, na Nvidia wanapendekeza pawa saplai ya wati 650. Jumla ya mashine kwenye PCPartPicker ilisoma chini sana ya hapo, na yupo atakayeshawishika kuchukua ya 450 ili abane matumizi. Asithubutu. Kadi za siku hizi huvuta umeme kwa vishindo vifupi mno vinavyopita kiwango chake cha kawaida, na ATX 3.0, kanuni ya pawa saplai ya mwaka 2022, iliwekwa kwa kuzingatia vishindo hivyohivyo. Kuna na hili, ambalo hakuna tovuti itakayokuuliza: kama pawa saplai ni mpya, zile waya za pawa saplai ya zamani ziache. Upande wa kadi na diski plagi ni za kawaida, lakini upande wa pawa saplai kila mtengenezaji hupanga pini anavyojua, na wakati mwingine modeli zake zenyewe hazilingani. Waya inaingia vizuri kabisa, halafu inaunguza diski.

RAM nayo ina mtego. Ukitaka gigabaiti 32, nunua vijiti viwili vya 16 na si vinne vya 8. Vinne vinaingia na ni halali, ila kasi inayodhaminiwa na AMD kwa 9600X inashuka kutoka DDR5-5600 kwa vijiti viwili hadi DDR5-3600 kwa vinne. Mashine inaweza kwenda zaidi ya hapo, lakini hapo uko peke yako. Viwili hivyo viweke kwenye nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, isipokuwa mwongozo useme vingine.

Jambo ambalo sikulitegemea kutoka PCPartPicker, na sioni kama ni kazi yao, ni uwiano wa prosesa na kadi. Watu hukimbilia vikokotoo vya mtandaoni vinavyotoa asilimia eti prosesa yako inaibana kadi kiasi fulani. Sizipi uzito asilimia hizo, kwa sababu kinachoamua ni skrini na gemu. Mashine ileile, gemu lilelile: kwenye skrini ya ubora wa 1080p mara nyingi prosesa ndiyo inayochoka kwanza, ukipanda 1440p mzigo unahamia kwenye kadi. Gemu za mikakati zenye majeshi mengi zinaila prosesa hata kwenye skrini kubwa. Kwa hiyo amua skrini kwanza, kadi baadaye, prosesa baada ya hapo. Mimi skrini ni ya 1440p, na 9600X haijawahi kunipa sababu ya kuiwazia.

Kuhusu diski nina machache: pakua mwongozo wa mazabodi kabla ya kulipa na utafute jedwali la nafasi za M.2, zinakochomekwa diski nyembamba za NVMe. Kwenye baadhi ya mazabodi, ukichomeka NVMe nafasi fulani, matundu mawili ya SATA (yale ya diski za waya) yanazimika, na hutajua hadi diski ya zamani igome kuonekana.

Mwisho, ukiwasha mara ya kwanza usiogope. AM5 hutumia muda kuizoea RAM ya DDR5, na skrini inaweza kubaki nyeusi kwa dakika kadhaa huku feni zikizunguka. Usizime, usianze kuchomoa vijiti. Ikiwaka, ingia kwenye BIOS uwashe EXPO, mpangilio unaoiendesha RAM kwa kasi iliyoandikwa kwenye boksi, maana RAM ya 6000 isiyowashiwa EXPO inajikalia kwenye kasi ya chini na haisemi kitu.