Vifaa vya kufundishia elimu ya fedha, habari, uraia na mazingira: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Kemia ina chupa zake, jiografia ina ramani, hesabu ina bikari na rula. Elimu ya fedha, ya habari, ya uraia na ya mazingira hazina kifaa cha asili. Mwalimu anapewa mada, kisha anaachwa mbele ya katalogi nene ambamo kila kitu kina rangi nyingi na kila kitu kimeandikwa "shirikishi".

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye vifaa vya shule methali hii hupotea njia kidogo, maana anayelipa siye anayetumia: mkuu wa shule anasaini, mwalimu anapokea, na mwanafunzi ndiye anayekaa nacho dakika 40. Kwa hiyo nimejiwekea swali moja la kuulizia kila kifaa kabla sijatazama bei: jibu liko wapi? Liko nje, kwenye maji na udongo? Liko kwenye uamuzi wa wanafunzi? Liko nyuma ya kadi? Au limebandikwa ukutani kabla hajaulizwa mtu? Nafasi nilizotoa hapa zinafuata swali hilo.

Kabla ya kufungua pochi

Vingi vinavyouzwa vipo bure. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 lina ibara 30 na limetafsiriwa katika lugha zaidi ya 500, Kiswahili kikiwemo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 una ibara 54. Nimewahi kuona ibara hizo hizo zikiuzwa kwenye kadi za kung'aa kwa bei ya kitabu kizima. Zichapishe mwenyewe, uzikate kwa mkasi.

UNESCO ilitoa mtaala wa elimu ya habari kwa ajili ya walimu mwaka 2011, ikautoa upya mwaka 2021, na haiuuzi. Michezo ya kompyuta ya iCivics, shirika lililoanzishwa mwaka 2009 na Sandra Day O'Connor, aliyekuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, nayo ni bure. Ila inazungumzia katiba ya Marekani, kwa hiyo kama uko kwingine chukua mbinu yake, uache sheria zake. Kwa upande wa tabianchi kuna En-ROADS, programu ya mtandaoni ya shirika la Climate Interactive na chuo cha MIT cha Marekani: mwanafunzi anasogeza kitelezi cha kodi ya kaboni au cha upandaji miti, na makadirio ya joto la dunia mwaka 2100 yanabadilika papo hapo. Darasa zima hushangaa kuona miti inashusha kidogo kuliko walivyodhani. Icheze peke yako nyumbani kwanza, usije ukatafuta vitufe mbele ya watoto.

Nafasi ya kwanza: vifaa vya kupimia

Kipimajoto, karatasi za pH za kupimia asidi, lenzi ya mkono, kipimamvua. Vinaonekana vya kizamani, na muuzaji hatavisifu sana kwa sababu faida yake ni ndogo. Mimi ningeanzia hapa. Jibu halipo kwenye boksi. Liko kwenye mtaro nyuma ya shule, na mwalimu mwenyewe halijui.

Lakini kipimo kibovu ni hasara mara mbili. Niliwahi kupokea boksi la vipimajoto 12, nikavigawa bila kuvikagua. Makundi mawili yakapata joto la udongo lililopishana nyuzi 4 mahali pamoja, wakabishana hadi kengele ikalia. Jioni nilijaza bakuli barafu inayoyeyuka, nikavitumbukiza vyote, nikasubiri dakika tano. Kumi vilisimama kwenye 0 au karibu yake. Viwili vilikuwa vimejiamini kabisa kwenye 4. Tangu hapo jaribio la barafu nalifanya siku ya kupokea mzigo, wakati bado naweza kurudisha. Usitumie maji yanayochemka badala yake: ukiwa nyanda za juu maji huchemka kabla ya kufika 100, takriban nyuzi moja pungufu kwa kila mita 300 za kupanda, na utakilaumu kifaa kisicho na kosa.

Kataa vipimajoto vya zebaki hata vikiwa vya bei ya kutupa. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, uliweka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuziana nje vipimajoto vya kawaida vya zebaki, kwa hiyo anayekuletea leo anamaliza masalia. Karatasi za pH zitazame tarehe ya mwisho na kopo lake. Kopo lisilofunga vizuri linaingiza unyevu, na rangi zinaanza kusema uongo. Siki inapaswa kukupa kati ya 2 na 3.

Na usinunue kila kitu. Diski ya Secchi, ya kupimia uwazi wa maji, imepewa jina la padri na mwanaastronomia Angelo Secchi aliyeijaribu mwaka 1865. Siku hizi kwenye maziwa na mabwawa hutumika sahani ya sentimita 20 iliyogawanywa robo nyeusi na robo nyeupe, ikining'inia kwenye kamba yenye alama. Mfuniko wa ndoo, rangi za aina mbili na kokoto ya kuizamisha vinatosha. Kipimamvua hali kadhalika: chupa iliyonyooka kuta zake na rula. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba, na mtoto akishapiga hesabu ya paa la darasa lake hutamsikia tena akiuliza kwa nini watu huvuna maji.

Nafasi ya pili: michezo ya maamuzi

Hapa ndipo elimu ya fedha na ya uraia hupumua. Mchezo mzuri unamlazimisha mwanafunzi kuchagua akiwa na taarifa nusu, kisha unamwacha aishi na alichochagua.

Mfano ulionishawishi ni mchezo wenye benki ya darasa iliyotoza riba ya asilimia 10 kila mzunguko, riba ikiongezwa juu ya riba. Mvulana mmoja alikopa sarafu 100 mzunguko wa kwanza, akasema, "Mwalimu, mimi nitalipa mwishoni." Akanunua kila kitu, akatamba. Mwisho wa mzunguko wa nane karani wa benki, binti wa dawati la mbele, akamsomea deni: 214. Akadai daftari limechezewa. Wakahesabu pamoja mstari kwa mstari, mara mbili. Kisha nikawapa ile kanuni ya 72: gawanya 72 kwa riba, upate takriban mizunguko ambayo deni litakuwa limejirudia maradufu. Kwa asilimia 10, saba na kidogo. Ningewaandikia ubaoni siku ya kwanza, wangeinakili na kuisahau.

Ila mchezo bila mazungumzo ya baadaye unaweza kufundisha kinyume. Mmarekani Elizabeth Magie alipata hataza ya mchezo wake wa makabaila wa ardhi mwaka 1904, akitaka watu waone jinsi kodi za pango la ardhi zinavyomnenepesha mmiliki na kumkausha mpangaji. Mchezo ule ndio uliozaa Monopoly, ambao kampuni ya Parker Brothers iliuingiza sokoni mwaka 1935, na tangu hapo familia nyingi hucheza kwa furaha ya kuwafilisi wengine. Kwa hiyo fungua mwongozo wa mwalimu kabla hujafungua boksi. Ukikuta maswali ya baada ya mchezo, yenye kuuliza "nani alianza na kipi?" na "kanuni ipi ungeibadilisha?", hicho ni kifaa. Ukikuta kanuni tupu, umenunua burudani.

Angalia pia hesabu ya viti. Boksi la wachezaji sita kwa darasa la wanafunzi 48 maana yake ni maboksi manane, na bei uliyoonyeshwa ilikuwa ya moja. Halafu muda: mchezo usioisha ndani ya kipindi kimoja hauishi kabisa. Na pekua kadi za bahati. Kama nusu yake zinasema tu "umepoteza pochi, rudi nyuma", dadu ndiyo inayocheza.

Nafasi ya tatu: kadi na vifurushi vya habari

Elimu ya habari inauzwa zaidi kwa kadi: picha au kichwa cha habari mbele, ukweli nyuma. Zina kazi yake, na zina ugonjwa wake. Seti yangu ya kwanza ilikuwa ya karatasi nyepesi. Siku ya pili wanafunzi waligundua kwamba ukiiinua kadi dirishani, jibu linasomeka upande wa pili. Nilidhani wameiva. Walikuwa wanasoma mwanga.

Kosa kubwa zaidi ni seti ambayo kila kadi ni ya uongo. Watoto wanajifunza neno moja tu, "uongo", na wanatoka wakishuku hata habari ya kweli. Hesabu kabla ya kununua: karibu nusu ziwe za kweli, na baadhi ya hizo ziwe za kushangaza. Picha za vibwengo wa Cottingley, zilizoanza kupigwa Uingereza mwaka 1917 na kuaminiwa na Arthur Conan Doyle, mwandishi wa hadithi za Sherlock Holmes, ni nzuri kwa kuchangamsha, kwa kuwa waliozipiga walikiri miaka ya 1980 kwamba vilikuwa vikaragosi vya karatasi. Lakini kucheka watu wa kale si ustadi.

Tazama pia mbinu inayofundishwa. Kama kifurushi kinamwambia mwanafunzi aamini tovuti kwa sababu anwani yake inaishia na .org, kirudishe, anwani hiyo husajiliwa na yeyote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliowachunguza wakaguzi wa habari waliona wenyewe hawakai kwenye ukurasa kuukodolea macho. Wanatoka haraka, wanafungua kurasa nyingine kuona wengine wanasema nini kuhusu chanzo kile. Ustadi huo kadi haziufundishi vizuri. Kwa somo hili, ukiwa na fedha ya kitu kimoja, nunua data ya intaneti.

Nafasi ya nne: vitabu vya mazoezi

Ni vya lazima kwa mwalimu mgeni wa somo, havina ladha kwa wengine. Angalia mwaka wa toleo na ruhusa ya kunakili. Kitabu kinachoandikwa ndani yake hununuliwa upya kila mwaka. Chenye leseni ya Creative Commons, leseni zilizoanza kutolewa mwaka 2002, unakinakili kwa masharti yaliyoandikwa mbele.

Swali zito zaidi ni aliyekilipia. Tuliwahi kuletewa vitabu vya akiba bure, maboksi matatu, kutoka taasisi moja ya fedha. Vilipigwa chapa vizuri ajabu. Kila sura iliishia kwa mhusika kufungua akaunti, na neno "makato" sikulikuta hata mara moja. Kwenye mazingira kuna ndugu zake: vitabu ambamo taka zote zimetupwa na watoto wazembe, na aliyetengeneza chupa hatajwi. Sikuvitupa. Niliwapa wanafunzi, nikawaambia watafute kilichoachwa, na vikawa kifaa changu bora cha elimu ya habari mwaka ule.

Nafasi ya tano: programu za kulipia

Uliza mambo matatu: bei ni kwa shule au kwa kichwa, inafanya kazi mtandao ukikatika, na taarifa za watoto zinakwenda wapi. Kisha uliza kinabaki nini usajili ukiisha. Mara nyingi jibu ni nywila isiyofungua kitu.

Nafasi ya mwisho: mabango

Yananunuliwa kuliko vyote kwa sababu mgeni akiingia anayaona. Wiki ya pili mwanafunzi hayaoni tena. Ukilazimika, chukua chati tupu ya plastiki inayofutika, darasa lijaze lenyewe mvua ya wiki au matokeo ya kura za darasa.

Mzigo ukifika, uhesabu siku hiyo hiyo mbele ya aliyeuleta: dadu, kadi, sarafu, betri. Andika idadi kwa kalamu isiyofutika ndani ya kila mfuniko, ili kundi linalorudisha boksi lijihesabie lenyewe. Na mwulize muuzaji kama anauza vipande vya ziada kimoja kimoja, maana sarafu za mchezo zitaanza kupotea kabla ya muhula kwisha.