Glovu za kupigia picha kwenye baridi: bora hizi kuliko lenzi mpya

Ukiniuliza msimu huu wa baridi nimenunua kifaa gani cha maana, sitakutajia kamera wala lenzi. Ni glovu. Zile za wapiga picha: ndani glovu nyembamba ya kubana, juu yake ganda nene, na vifuniko vya kidole gumba na cha shahada vinavyokunjwa nyuma na kunaswa na sumaku ndogo.

Picha zangu nyingi ni za kando ya ziwa, na mandhari pana hunichosha haraka. Napenda vitu vidogo: baiskeli iliyoachwa gatini, theluji imelalia tandiko, dirisha la kibanda cha kusubiria boti, lenye alama ya kiganja cha mtu aliyepangusa mvuke. Picha hizi zinataka vidole. Juzi nilikuta kamba ya mashua imekakamaa, kila uzi umeota vijisindano vya barafu, nikataka vya mbele tu ndivyo vionekane vizuri na vya nyuma vififie. Pete ya lenzi ikabidi niizungushe kidogo mno, kwa kuihisi. Kwa glovu za kawaida huwezi. Kwa mikono mitupu unaweza, ila muda si muda vidole vinakufa ganzi na unabonyeza vitufe usivyovikusudia.

Halafu kuna suala la mwanga. Kamera ikiona weupe kila upande hudhani mwanga umezidi, inaupunguza, na theluji inatoka ya kijivu. Dawa yake ni kuongeza fidia ya mwanga, yaani kuiamuru kamera ipige kwa mwanga zaidi ya inavyotaka yenyewe, hatua 1 hadi 2, na kuirekebisha tena kila wingu linapopita. Gurudumu la fidia kwenye kamera yangu ni dogo na gumu. Hapo glovu ya ndani imejipatia maksi, maana ncha zake zina vipele vya mpira vinavyoshika. Skrini ya kugusa nayo inaitikia, mradi ncha ziwe kavu. Zikilowa, sahau.

Juu ya kiganja kuna kimfuko cha zipu, kimewekwa kwa ajili ya pakiti ya joto, zile zenye unga wa chuma unaopata moto ukikutana na hewa. Mimi pakiti naiacha nyumbani, humo naweka betri ya akiba. Betri za lithiamu zikipigwa na baridi hulegea. Kamera inakwambia chaji imeisha, kumbe bado ipo. Ikipata joto la mkono, inaamka.

Kasoro zipo. Sumaku inashika kifuniko barabara, lakini inang'ang'ania pia pete ya chuma ya kufungia boti kila nikiegemea gati. Mshono wa kidole gumba umepita palepale kinapokandamiza kamera, na ukikaa nje sana unaukumbuka. Na yale maneno ya kwenye boksi kwamba hazipitishi maji, yapunguze nusu: theluji kavu hukung'utika ikaanguka, ila ile inayoyeyuka hupenya hadi ndani. Nimepiga magoti nikajishikiza kwa mkono mara moja tu, kiganja kikalowa.

Pamoja na hayo, asubuhi ziwa linapofuka mvuke, hewa ikiwa baridi kuliko maji, hakuna nafasi ya kuvua na kuvaa. Jua likipanda kidogo mvuke umekwisha. Kukunja vifuniko viwili ni jambo la sekunde, na hiyo ndiyo sababu nazipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano imekwenda na maji.

Kama unapiga kwa simu tu, glovu nyembamba ya skrini inakutosha. Kwa kamera yenye magurudumu, chukua hizi, saizi ya kubana: zikipwaya, ncha za ndani zinajikunja na faida yote inapotea.